Kikombe cha Mama Tekla

Jumatatu, 7 Julai
Kuchuma kahawa, kumenya, kuivundika kwenye tangi mpaka utelezi utoke. Katikati ya yote, chooni. Damu tena. Baridi ya Matiri inaingia mpaka kwenye meno. Kwetu Kilwa saa hizi watu wanatembea vifua wazi.

Mama Tekla, mke wa mwenye shamba, kaleta togwa. Kabla ya kunipa kanywa yeye kidogo, kikombe kile kile. Kila siku hivyo. Anaacha nini humo? Sipendi.

Alhamisi, 10 Julai
Nimenunua tena rangi mbili, vile vidonge vya kuua bakteria, duka la dawa. Huwa nameza, tumbo likitulia naacha. Safari hii halitulii. Suruali inanivuka.

Kuharisha damu kumeanza baada ya kuja kula kwa huyu mama. Hilo silisahau.

Jumapili, 13 Julai
Wenzangu wako misani. Togwa nimeimwaga kwenye migomba. Kugeuka, Mama Tekla yuko mlangoni. Hakusema neno. Kama hana hatia, mbona kanyamaza?

Jumanne, 22 Julai
Nimeanguka nikiosha kahawa. Gervas, ninayelala naye chumba kimoja, kanipakia bodaboda mpaka hospitali Mbinga. Njiani nikamwambia yule mama ananilisha kitu. Kacheka mpaka dereva akageuka.

"We mtu wa pwani! Huku mwenyeji anaonja kwanza, mgeni aone hakuna sumu. Asingeonja ndiyo ungekimbia!"

Simwamini. Naye ni wa huku huku.

Jumatatu, 28 Julai
Wamenihamishia hospitali kubwa. Mpira wenye kamera, huko nyuma. Sitaki kukumbuka. Utumbo mpana una vidonda.

Nikamuuliza daktari nani kaniwekea sumu. Kasema hakuna sumu. Utumboni mna bakteria wengi mno, na wengi wanatufaa. Kwa ugonjwa huu mpangilio wao umevurugika, kinga ya mwili inawapiga hata wasio na kosa, na ukuta wa utumbo ndio unaoumia. Rangi mbili? Inaua wazuri na wabaya pamoja. Huenda nimezidisha mwenyewe.

Nikakumbuka tangi. Vijidudu ndivyo vinavyokula ule utelezi wa kahawa. Mwaga dawa humo, uone kama itavunda.

Mbona mimi, na si Gervas? Sufuria yetu moja. Kasema hajui, hata wakubwa zake hawajui vizuri. Hapo ndipo nilipoanza kumwamini.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimerudi. Dawa za kutuliza uvimbe, za muda mrefu. Damu imepungua.

Mama Tekla kaniletea ugali. Kauweka chini, kaondoka. Hakuonja. Imeniuma kuliko tumbo.

Jioni nimepika uji, nikaupeleka jikoni kwake. Shikamoo mama. Marahaba, kwa sauti ndogo. Nikanywa kidogo mbele yake, nikampa kikombe.

Kakiangalia muda mrefu. Kanywa.

"Hauna sukari," kasema. Kaumaliza wote.