Tairi Tulizochagua Pamoja na Barabara Uliyoikana Peke Yako

Kwako ndugu yangu wa rika, Kiplangat,
Uliko Mulot, katikati ya mashamba ya ngano.

MINTARAFU: BARABARA YA KUTOKA LAMI HADI KITUO CHETU CHA MAJANI CHAI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa na afya. Nimeianza kwa kichwa cha habari kwa sababu hivyo ndivyo nilivyojifundisha kuandika, kwa kunakili matangazo ya ofisi yaliyobandikwa kituoni, baada ya shule kunikatikia mapema. Wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuniita Karani. Ulilitamka jina hilo kwa mzaha, lakini hukuniacha hata siku moja nisimame nyuma ya watu. Kila mgeni wa serikali alipofika ulinisukuma mbele ukisema, "Huyu ndiye anajua maneno."

Neno langu la leo ni hili. Barabara yetu imefutwa katika orodha ya barabara zitakazowekwa changarawe, na aliyeifanya ifutwe ni wewe. Nitaeleza kwa utaratibu, ili hata asiyetujua aelewe, na ili wewe usiseme kwamba nimesahau mema yako. Sijayasahau, na hilo ndilo linaloniumiza.

Unakumbuka mteremko wa kanisa ulivyokuwa nyakati za mvua? Udongo ule mwekundu ulilainika kama ugali ambao haujaiva. Lori la kiwanda lilikuwa limekataa kuteremka kwetu. Lilisimama juu kwenye lami na kupiga honi, nasi tukapewa kazi ya kuyapandisha majani chai kwa pikapu yako. Tairi zako za zamani zilikuwa zimelika hata zikawa laini kama kisigino. Tulikata matawi ya michai iliyopogolewa, tukayatandika chini ya magurudumu, nawe ukakanyaga mafuta huku mimi na wanawake tukisukuma kwa mabega. Siku moja tulikwama tangu asubuhi hadi saa tisa. Tulipofika juu, lori lilikuwa limekwenda zake, na majani yalikuwa yamepata joto ndani ya magunia na kuwa mekundu. Mke wako na mke wangu waliyamwaga kando ya ua. Siku hiyo ulinishika mkono ukaniambia, "Karani, wewe endelea kuandikia barabara. Mimi natafuta tairi."

Nilifurahi uliponiomba tufuatane hadi Bomet. Yule mama muuza tairi alitutazama viatu kwanza, vilivyojaa matope, kisha akacheka.

"Mnataka tairi ama mnataka trekta?"

"Tunataka kufika lami," nikamjibu.

Alitutolea aina mbili. Ya kwanza ilikuwa na meno ya wastani, kubwa kidogo kuliko zako za inchi ishirini na saba. Ya pili ilikuwa ya inchi thelathini na moja, yenye meno mapana yaliyoachana, kiasi kwamba ngumi yangu iliingia katikati yake. "Hizi zinatema matope zenyewe," alisema. "Hii haiulizi barabara."

Wewe uliizunguka ile kubwa mara tatu. Ulikuwa na hofu, na hofu yako ilikuwa na msingi. "Karani, hiyo itafanya injini ikohoe. Na breki je?" Mimi ndiye niliyekubishia. Nilikukumbusha jinsi difu ya nyuma, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, ilivyokuwa ikikokota kwenye tuta la katikati ya njia, mahali ambapo magurudumu yamechimba mifereji pande zote mbili. Nilikuambia kwamba springi huinua bodi tu, na kwamba difu haiinuki ila kwa tairi yenyewe kuwa kubwa. Jambo hilo nilikuwa nimelidadisi kwa mafundi watatu kabla ya safari, nikaliandika. Uliposita bado nikakuuliza, "Umekuja kuchagua tairi ama kuogopa?"

Ukacheka hadi yule mama akacheka nawe. "Sawa. Gari ikishindwa utaisukuma na kalamu."

Hivyo ndivyo tulivyochagua. Nasema tulichagua, kwa maana sitaki kujitoa katika jambo hili.

Fundi alitupa taarifa zake moja baada ya nyingine kama daktari. Ukizungusha usukani hadi mwisho, tairi itakula madigadi, yale mabati ya kuzuia matope. Akayakata kwa ndani na kuyakunja. Gia ya kwanza itakuwa nzito mlimani. Mshale wa mwendo ukionyesha arobaini, gari linakimbia karibu arobaini na sita. Breki zikanyagwe mapema. Na tairi ya akiba haikuingia tena mahali pake chini ya gari, ikabidi tuifunge nyuma kwa mnyororo. Tulipofika nyumbani, mama yako alikuja na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akazinyunyizia zote nne kuzibariki, kisha akasimama na kuuliza, "Na ya tano iko wapi? Hiyo msiponionyesha ndiyo itapasuka." Ukaifungua mnyororo, ukaibiringisha hadi miguuni pake kama mtoto aliyekamatwa na kosa.

Gari lilikuwa limenyanyuka. Wanawake waliokuwa wakipandisha mikebe ya maziwa kwa urefu wa kiuno sasa walilazimika kuinua hadi kifuani. Hakuna aliyelalamika, lakini uliona. Jumamosi hiyo hiyo ulichomelea kipandio cha chuma nyuma ya gari, ukakipaka rangi, ukampisha mjane wa jirani yetu awe wa kwanza kukikanyaga. Nimekuwa nikikitafakari kipandio hicho, Kiplangat. Mtu aliyefanya hivyo ni wewe pia.

Na mvua ya kwanza iliponyesha! Ulishuka mteremko wa kanisa na kuupanda tena bila tawi moja la chai chini ya magurudumu. Watu walitoka ibadani wakasimama kwenye baraza, wengine wakapiga makofi. Nilikuwa nimeketi kando yako. Matope yaliruka hadi kwenye kioo, nawe ukapiga usukani kwa kiganja ukisema, "Karani! Karani! Umeona?" Niliona. Nilihisi kana kwamba tumeishinda mvua wenyewe.

Hata hivyo hatukuwa tumekubaliana kwamba tairi zichukue mahali pa barabara. Gari moja haliwezi kuwa barabara ya kijiji kizima. Kwa hiyo niliendelea kuandika maombi, na watu wakaendelea kutia sahihi, wasiojua kuandika wakiweka kidole gumba. Sahihi ya kwanza kabisa ni yako. Ofisi ikajibu kwamba barabara yetu imeingizwa kwenye orodha, na kwamba afisa atakuja kuikagua wakati wa mvua ili ajionee kama inapitika au haipitiki. Kwa kuwa simu yangu ilikuwa imeharibika, nilikuwa nimewapa namba yako.

Uliniambia afisa amepiga simu, na kwamba atafika Alhamisi. Jumanne asubuhi, mvua ikinyesha, ulinijia na kusema nati mbili za gurudumu la nyuma zimepoteza uzi. "Nenda Sotik, Karani. Wewe ndiye unajua kuchagua." Nilizunguka maduka yote ya vipuri nikilinganisha nati na ile uliyonipa, na nilirudi nimelowa. Ulizipokea ukanishukuru.

Alhamisi tulikaa pamoja kwenye baraza la kanisa tangu asubuhi. Nilikuwa nimevaa koti langu la Jumapili, na maombi yalikuwa kwenye bahasha ya plastiki. Uliniletea chai. Saa kumi ilipofika bila mtu kutokea, ulitikisa kichwa ukaniambia, "Watu wa ofisi ndio hao. Hawaji." Nilikuamini, na nikakuonea huruma kwa kupoteza siku yako ya kazi kwa ajili yangu.

Miezi ilipita bila jibu. Nilikwenda Bomet kufuatilia. Binti mmoja wa ofisini alinisikiliza kwa heshima, akafungua faili, akanitazama.

"Mzee, mbona mnalalamika? Hapa imeandikwa inapitika."

Alinigeuzia ukurasa. Palikuwa na picha. Pikapu yako ilikuwa katikati ya mteremko wa kanisa, matope yakifika kwenye kitovu cha gurudumu, afisa ameketi mahali ninapoketi mimi, nawe umeshika usukani ukitabasamu. Tarehe ilikuwa ya ile Jumanne. Chini ya picha paliandikwa kwamba gari la kawaida lilishuka na kupanda mvua ikinyesha, na kwamba mkaazi mwenye gari anathibitisha kuwa barabara hupitika majira yote. Kisha jina lako. Kisha sahihi yako, ambayo ninaijua, kwa maana mimi ndiye niliyekufundisha kuiandika tulipokuwa vijana.

"Binti yangu, hizo ni tairi," nikamwambia. "Si barabara."

"Tairi gani?"

Nikamweleza yote: inchi, meno, difu, madigadi yaliyokatwa. Alisikiliza hadi mwisho. "Hayo siyajui, mzee. Mimi naona gari imepita."

Nilikuwa ningali kwenye ngazi za ofisi nilipoelewa sababu. Changarawe ikiwekwa, lori la kiwanda litateremka lenyewe hadi kituoni, na lori la maziwa nyuma yake, na hakuna atakayehitaji pikapu yako. Laiti ungeniambia hofu hiyo! Ungeniambia kama ulivyoniambia ile ya breki. Ningekubishia, ungenicheka, tungefika mahali. Lakini ulichagua kunituma Sotik kutafuta nati, ukakaa nami siku nzima kumngoja mtu ambaye ulikuwa umekwisha kumsindikiza hadi lami.

Wakati huo kiangazi kilikuwa kimekwisha kuja, kazi ya kubeba ngano ilikuwa imekuita Mulot, nawe ulikuwa umekwenda na gari. Sikulaumu kwa kutafuta riziki. Nakulaumu kwa kutuachia mteremko uliokwisha kuutolea ushahidi. Mvua zimerudi. Majani tunayapandisha kwa migongo. Yanayochelewa humwagwa. Boda boda huishia kanisani na kugeuza.

Kuna jambo jingine ambalo hakuna aliyetaka kukuandikia. Mama yako aliteleza kwenye njia ya chemchemi akaumia nyonga. Hakuna gari lililoweza kushuka. Tulifunga kiti cha kanisa kwenye miti miwili, tukambeba wanaume wanane, tukianguka mara mbili kabla ya kufika juu. Alinishika shingo akaniuliza, "Kiplangat yuko wapi na gari?" Nikamjibu, "Yuko njiani, mama." Sasa anatembea kwa fimbo, na anakusifu kwa kila mtu anayemtembelea. Barua hii nimeibandika kwenye ukuta wa kituo ili wote waliotia sahihi waisome, lakini nimewaomba waisome kimya, asiisikie.

Najua desturi yetu. Tulitahiriwa msimu mmoja, tukalala kibanda kimoja, na watu wa rika moja hawaanikani hadharani. Ndiyo sababu nilimtuma kwanza mwenzetu Cheruiyot aje kwako kwa siri. Ulimjibu, "Mwambie Karani kila mtu atafute chake." Tangu niliposikia maneno hayo nimekuwa nikiamka nikiwa nimechoka. Nimepungukiwa na mtu wa kumwambia habari zangu, na habari kubwa kuliko zote ni wewe. Pia ninajishtaki. Maombi yangu yalisema barabara haipitiki, na tairi nilizokushurutisha kuzichukua ndizo zilizotumiwa kuonyesha kwamba nimesema uongo.

Yule binti wa ofisini alinieleza kwamba mlango haujafungwa. Aliyethibitisha anaweza kubatilisha uthibitisho wake kwa mkono wake mwenyewe, na afisa atalazimika kurudi, safari hii kwa gari lake. Sentensi moja inatosha.

Cheruiyot anakuletea nakala ya barua hii. Ndani ya bahasha utakuta karatasi ya pili ambayo haina kitu. Nimewaandikia watu wa kijiji hiki maombi ya karo, malalamiko ya mipaka, hata barua za posa, lakini sentensi hiyo sitakuandikia. Cheruiyot ataketi kwako hadi umalize. Karatasi ikirudi na maandishi yako, nitaipeleka Bomet siku hiyo hiyo, na sitamwambia mtu yeyote ilikuchukua muda gani. Ikirudi tupu, nitaibandika tupu ukutani, kando ya hii.

Nakuaga kwa amani, na kwa uchungu nisioweza kuuficha.

Ni mimi ndugu yako wa rika,
Karani.