Kiu Chini ya Tangi

Ghorofa ya pili,
Mtaa wa chini ya tangi.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa dada yangu,

Salamu tele kutoka kwetu. Je, mgongo umekuachia kidogo? Na wanao, wameshazoea baridi ya huko? Sisi afya tunayo. Kilichotuishia ni subira, na maji.

Najua utacheka: tangi la mji tunaliona dirishani, halafu tunaoga kwa kikombe! Ni hivi. Maji husafishwa bondeni, yakasukumwa na pampu hadi tangini huku juu, kisha yenyewe yakateremka mabombani. Pampu moja imekufa tangu mwaka jana, na iliyobaki inapumua kwa shida. Kinachoingia kinavutwa na mitaa ya bondeni kabla tangi halijajaa, nasi wa juu tunabaki kusikiliza bomba likikohoa. Mabosi wanajua. Jibu lao ni lile lile: "Mchakato unaendelea."

Sasa, shemeji yako si ndiye mwendesha pampu? Majirani wakaamua kwamba anatufungulia sisi peke yetu. Juzijuzi natoka na ndoo yangu, Mama Pacha wa mlango wa pili akanisuta mbele za watu: "Acha maigizo, mke wa maji! Humo ndani mnaogelea."

Dada, nilipandwa na hasira! Nikawafungulia mlango waingie wote. Wakazungusha koki ya jikoni, wakazungusha ya bafuni. Ikatoka hewa. Mmoja akainama hata chini ya kitanda.

Shemeji yako alipopata habari hakugombana na mtu. Aliwapeleka hadi tangini, akaligonga kwa spana. Likalia kama debe tupu.

"Mmesikia? Hata ningekuwa mwizi, ningeiba nini?"

Wakateremka mmoja mmoja.

Kumbe kuna aliyerekodi kwa simu. Video ikasambaa, na kesho yake bosi akamsimamisha kazi, eti kaingiza raia eneo lisiloruhusiwa. Mwaka mzima hawajapata nafasi ya kutengeneza pampu, ila barua ya kumsimamisha mtu iliiva asubuhi moja! Nililia hadi machozi nayo yakakatika bila taarifa.

Jana Mama Pacha akabisha hodi, ndoo kichwani. Kaijaza bondeni, kaipandisha mlima wote. Akasema tu, "Pokea, jirani."

Nimepokea. Kumsamehe bado. Ila kwa maji hayo nimefua shati jeupe la shemeji yako, maana kesho anaitwa kwenye kikao cha nidhamu kazini. Mtaa mzima umeapa kumsindikiza, na Mama Pacha anasema yeye ndiye atakayeingia wa kwanza, wapende wasipende.

Nisalimie shangazi, binamu zetu wote, na yule mjukuu wako mpya umbusu mashavu yote mawili. Mungu akufunike kwa rehema zake, nawe utuombee kesho.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nikinuna,
Kitinda