Matumbo ya Samaki wa Mwimbi

Dar es Salaam, 4 Septemba 1993

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, joto tu ndilo linanitesa. Kikohozi chako je?

Mama, nina shida. Utafiti wangu wa chuo unahusu chakula cha samaki wadogo wa vijito: wa chini ya miti wanakula nini, na wa sehemu ya wazi wanakula nini. Nauli ya kuja sina. Naomba univulie wa kijito chetu, wa kule juu mitini na wa pale bustanini kwako, uwafunge mbalimbali. Wahifadhi vizuri wasioze. Wasipovuliwa kabla ya mvua kujaza kijito, mwaka huu nimeukosa.

Mwanao, Anjela

Mwimbi, 26 Septemba 1993

Mwanangu Anjela,

Marahaba. Kikohozi kimepoa, namshukuru Mungu. Samaki anakuletea Theodory wa lori. Nimewapasua mmoja mmoja, nikatoa uchafu wote wa tumboni, nikawatia chumvi na kuwakausha kwa moshi. Mwalimu wako akikuta hata chembe ya uchafu, aniite mimi!

Mama yako

Dar es Salaam, 10 Oktoba 1993

Mama yangu wee, shikamoo!

Huo uchafu ndio niliokuwa nautaka! Nilicheka, nikalia, kisha nikasonga ugali tukawala wote na wenzangu. Watamu mno. Kosa ni langu, sikukueleza. Tafadhali, wengine, na matumbo yao, kwenye chupa za spiriti. Fanya haraka mama, mvua isikuwahi.

Anjela wako

Mwimbi, 6 Novemba 1993

Anjela mwanangu,

Marahaba. Mvua imeanza jana, samaki walishavuliwa juzi. Spiriti kanipa Bertila wa zahanati, akaniuliza kama nimeanza kunywa! Chupa yenye kamba ni ya wa mitini. Naona aibu kumpelekea mtu samaki na mavi yake, lakini umetaka mwenyewe.

Wachache nimewapasua nione unachotafuta. Wa mitini wameshiba sisimizi na viwavi. Wa bustanini wana tope na utelezi wa kijani tu, tena wamekonda. Miti ya pale niliikata mimi, nipande kabichi. Moyo umeniuma.

Kaka yako Jastin alitaka kukata na ya juu wiki hii, maana siku hizi wachuuzi wa kule mpakani Kasesya wanagombania kabichi. Nimemkatalia. Amenuna, anasema shamba nimewapa Anjela na samaki wake. Naye ana mke na mtoto wa kulisha, simlaumu. Mwandikie, mwanangu, umshukuru. Mimi nilishika kikapu tu. Aliyeingia majini kukuvulia ni yeye.

Mama yako