Rangi ya Nywele za Yona

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na uwele umekubali mwaka huu. Shikamoo ya baba nimeiweka humu humu, utampa ukimaliza kusoma. Sisi huku Uswidi ni wazima. Baridi imeanza kutuachia, na mkwe wako Lars anafanya mazoezi ya shikamoo mbele ya kioo asije akakuaibisha.

Barua hii isome mwenyewe, mama, usimpe mtu akusomee. Kisomo cha watu wazima ulikwenda ukicheka, ukiuliza utamwandikia nani. Basi leo ndiyo kazi yake.

Nimekuwa nikikuandikia kwamba mjukuu wako, Msengi mdogo mwenye jina la baba, hajambo. Ni kweli, ila sikukueleza imekuwaje akawa hajambo. Alipozaliwa walimchoma kisigino wakachukua damu kidogo, kama wanavyomfanyia kila mtoto huku, na baada ya siku chache wakatuita. Amezaliwa na ugonjwa usioonekana kwa macho. Maziwa, nyama, mayai, maharage, karanga, vyote vina protini, na protini imejengwa kwa vipande vidogo vingi. Kimoja kinaitwa fenilalanini. Wewe na mimi tukikila, ini hukigeuza kikafanya kazi nyingine mwilini. Ini la Msengi haliwezi. Kwa hiyo kinajaa kwenye damu mpaka kinafika kwenye ubongo, na mtoto hudumaa akili huku mwili unakua.

Kwetu tunasema mgonjwa haulizwi uji. Huku uji wenyewe unapimwa kwenye mizani. Anakula viazi, matunda, mboga, na anakunywa unga wa hospitali uliotolewa kile kipande. Amekingwa tangu wiki ya kwanza, ndiyo maana leo anakimbia na kusema lugha mbili, tena kwa mdomo wa shangazi, dada yake baba.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike. Daktari, mama mmoja mtaratibu, aliniuliza kama kwetu kuliwahi kuwa na mtoto wa namna hiyo. Nikamtaja mdogo wangu Yona. Nikasema alizaliwa mzuri, kisha hakuongea, akawa anaanguka kifafa na kujigonga kichwa ukutani, mpaka akatutoka angali mtoto. Daktari akauliza, "Nywele zake zilikuwa nyepesi kuliko zenu? Na ngozi?"

Mama, sikuwa nimemwambia. Nililia mpaka Lars akanipokea mtoto.

Alinieleza kwamba kile kipande ambacho ini limeshindwa kukigeuza ndicho mwili hukitumia kutengeneza rangi. Kisipogeuzwa, rangi hupungua. Zile nywele za Yona za kahawia, na ule weupe wake katikati yetu sisi weusi, vilikuwa vya ugonjwa. Hata ile harufu ya panya kwenye nepi zake, uliyoihangaikia kwa sabuni na jua, ilikuwa ya ugonjwa huo huo.

Nilikuwa mkubwa vya kutosha kukumbuka shangazi alivyosimama uani akasema, "Huyu si wa ukoo huu. Muulizeni mama yake alifuata nini kwa wazungu wa hospitali." Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Baba hakumkemea. Tangu siku ile hakumpakata Yona tena, na alipofariki akasema tu, "Mpelekeni kwa wajomba zake." Ndiyo maana mwanao amelala Misigiri, kwenye shamba la mjomba, wakati wenzake wa ukoo wamelala nyumbani Kinampanda. Nawe ukaendelea kumpikia baba miaka yote hii, ukiwa umebeba aibu isiyo yako. Hilo limeniuma kuliko kifo chenyewe.

Basi baba na ajue. Ugonjwa huu mama peke yake hawezi kumpa mtoto. Mpaka atoe baba na atoe mama, kila mmoja nusu yake, na wenye nusu hawaumwi wala hawajijui. Mimi nimepimwa, ninayo. Lars anayo. Wewe na baba mlikuwa nayo, Yona akapokea zote mbili. Ile rangi iliyomfanya baba amkatae haikuletwa na mwanamume mwingine yeyote.

Kuna jambo nilitaka kulificha, lakini ungeling'amua mwenyewe. Unakumbuka mwaka wa njaa, ng'ombe walipokufa tukabaki na michembe ya viazi vitamu na mlenda? Yona alitulia. Akalala usiku, akakuita "mama", ukasema Mungu amesikia. Mvua iliporudi, mjomba akakuletea ng'ombe wa maziwa kwa ajili yake, nawe ukawa unampa yeye kwanza kabla yetu, na hali ikarudi pale pale. Ndiyo, mama. Ni maziwa. Ulimpa kilicho bora kuliko vyote ulivyokuwa navyo, na Iramba nzima hakuna aliyejua, hata hospitali hawakujua. Lia, lakini usijihukumu. Nami nisingekwambia, kama si kwamba tunakuja baada ya mavuno, na nakujua: mjukuu hatafika mlangoni kabla hujampokea kwa kibuyu cha maziwa. Usimpe. Wala karanga za majirani. Jogoo mchinjie Lars.

Nina ombi moja. Ukimaliza kulia, mpe baba barua hii aisome yote, na usiondoke hapo alipo. Basi litatushusha Misigiri kabla ya kupanda Kinampanda. Nataka tumkute baba pale kaburini. Msalaba wa Yona una jina moja tu, kwa sababu la pili hakuna aliyethubutu kuliandika. Nitakuja na rangi na brashi. Sitaandika mimi. Ataandika baba.

Nisalimie mjomba aliyetupa mahali pa kumlaza Yona, na umwambie ng'ombe wake alikuwa wa upendo, asijilaumu. Mama mdogo aliyekuwa akimshika Yona ukienda shamba, mwambie nina kitenge chake. Shangazi naye msalimie. Mwambie mjukuu wake anafanana naye, na kwamba nitamwamkia kama kawaida.

Akupendaye,
Naomi Msengi,
dada yake Yona Msengi