Nilikwenda Mashineni Kumtafuta Babu

Jumamosi jioni, Kasulu. Mvua imekatika sasa hivi na bati bado linadondosha matone. Nimefunga mlango wa chumba cha gesti kwa ufunguo, kisha nikautikisa kuhakikisha kwamba umefunga. Halafu nikautikisa tena.

Naogopa. Nianze na hilo, maana kila nilichofanya wiki hii nimekifanya nikiwa naogopa.

Wanaosoma kurasa hizi zangu za mtandaoni hawafiki ishirini, na wengi wenu hamjui jina langu. Mnajua tu kwamba ni mwalimu wa shule ya awali huko Kibondo, kwamba napenda vitabu, na kwamba nalalamika mno kuhusu chaki. Mwezi uliopita niliwaeleza kwa furaha kuwa nimechaguliwa kwenda Kampala wiki mbili, kujifunza namna ya kuwafundisha watoto wadogo kusoma. Sikuwaeleza kilichofuata.

Kilichofuata ni pasipoti. Nilipeleka fomu, nikaitwa. Afisa wa uhamiaji alinipokea vizuri, akanisogezea kiti. Akaniambia imefika barua isiyo na jina la mwandishi, inayosema kwamba babu yangu mzaa baba hakuwa wa hapa, kwamba alitoka ng'ambo ya mpaka.

"Mwalimu, mimi sikuhukumu," alisema. "Lete chochote kinachoonyesha babu yako alikuwa nani, alioa nani, na baba yako alizaliwa wapi. Tuonane Jumatatu ya wiki ijayo."

Nilitoka pale nikasimama kwenye jua, nikasahau nilikuwa naelekea wapi.

Baba alishafariki. Babu na bibi walimtangulia, nami sikumwona babu hata siku moja. Nilipofika nyumbani nilimuuliza mama. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua uso. Alisema babu aliitwa Bihango, alifanya kazi kwenye kinu cha kukoboa kahawa, kule Mashineni, njia ya kwenda Muyama, na bibi alimpata hukohuko. Nikauliza, kabla ya hapo alikuwa wapi? Mama akasema hayo hakuwahi kuyauliza. Lakini niliona mikono yake imeacha kuchambua.

Mama yangu si mtu wa kuogopa. Nilipoona ameogopa, ndipo mimi nilipoogopa kweli.

Tangu hapo nimekuwa mtu mbaya. Nani aliandika barua ile? Jirani anayeazima ungo wangu kila Jumapili? Mwalimu mwenzangu ambaye naye aliiomba nafasi ya Kampala? Mama anayeniuzia mkaa? Nimewasalimia wote wiki hii huku nikiwatazama mikono, kana kwamba nitaona wino.

Alhamisi baada ya vipindi nilikwenda kwenye chumba cha maktaba pale Kibondo. Ni chumba kimoja chenye rafu nne na meza ndefu iliyochongwa majina. Nimekwenda pale miaka mingi, na dada anayekitunza, Konsolata, ananiwekea vitabu vipya kabla ya kuwapa wengine. Siku hiyo nilimdanganya. Nilimwambia nataka kuandika kidogo juu ya historia ya kahawa. Akafurahi, akatoa kila alichonacho: taarifa za kilimo, kitabu cha jiografia kisicho na jalada. Hakuna kilichogusa Mashineni. Akafikiri, akasema Kasulu kuna mzee anauza vitabu vikuukuu karibu na soko, na kwamba kama kuna mtu duniani anayejua karatasi za kinu kile zilikokwenda, ni yeye.

Nilimshukuru. Njiani nikaona aibu. Konsolata ni rafiki yangu, nami tayari nilikuwa najiuliza kama mwandiko wake naujua.

Leo asubuhi nimepanda basi la Kasulu. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni na watu walikuwa wamejifunika vitenge mpaka masikioni. Kwenye kizuizi basi lilisimama, askari kijana akaingia kuangalia vitambulisho. Ni jambo la kila safari. Miaka yote namkabidhi changu huku naendelea kusoma kitabu. Leo nilikishika kitambulisho kwa mikono miwili, na jasho lilinitiririka mgongoni kwenye baridi ile. Askari akakitazama, akanitazama, akasema safari njema mwalimu. Sijui alijuaje kwamba ni mwalimu. Labda ni kwa sababu ya kalamu niliyochomeka kwenye nywele. Lakini kwa nusu saa nzima niliamini kwamba alikuwa ameshaambiwa habari zangu.

Duka la vitabu nililipata bila shida. Biblia na misahafu mbele, vitabu vya shule katikati, vikuukuu nyuma kabisa ambako mwanga haufiki. Mwenye duka, Mzee Gwimo, alinisalimia kwa Kiha, "Mwakeye." Sikumjibu kwa Kiha. Kiha changu nilikipata kwa bibi, kina lafudhi yake, na wiki hii nimeanza kujisikiliza ninavyoongea. Niliitikia kwa Kiswahili kama mgeni aliyehamishiwa hapa kikazi.

Nilimweleza ule uongo wa historia ya kahawa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kinu kilipofungwa, zamani hizo, ofisi yake iliachwa wazi, na karatasi zikaletwa sokoni hapa kwa magunia. Wauza karanga walizinunua za kufungia.

Niliona jina la babu limekunjwa pembe, limejazwa karanga za kukaanga, limetupwa mtaroni.

"Unamtafuta nani?" aliniuliza taratibu.

Sikukusudia kusema kweli. Lakini nilisema, "Babu yangu."

Mzee Gwimo hakuuliza zaidi. Alisema aliyaokoa madaftari matatu kwa sababu yalikuwa na jalada gumu, na walipofungua chumba cha kusomea kule Mashineni akawapelekea. Akanitolea kiti nikae kidogo. Nilikataa. Akatoka mwenyewe barabarani kuniitia bodaboda, akamwagiza dereva anifikishe kabla ya mvua.

Mashineni nilipaona mara moja tu nikiwa na miaka saba. Palikuwa magofu, migomba imeota ndani ya kuta, na baba aliyekuwa amenipakia kwenye baiskeli alikanyaga pedali kwa haraka kama anayepita makaburini. Leo sikupatambua. Ghala kubwa limeezekwa upya, na kinamama wanakaanga kahawa ndani yake, harufu unaikuta mlimani kabla hujauona mji. Pale ilipokuwa karakana kuna mafundi wa kuchomelea na washonaji. Kuna steshenari, kuna mgahawa wa maandazi, kuna jengo dogo la mzani wa zamani lililopakwa chokaa na kuandikwa kwa rangi ya bluu: CHUMBA CHA KUSOMEA, KARIBU. Watu walikuwa wanacheka. Siku nyingine ningekaa hapo mchana kutwa nikawaandikia habari zake zote.

Leo nilipita katikati yao nimeinamisha kichwa.

Anayetunza chumba ni Mama Yustina, mwalimu mstaafu, mtu wa Singida. Aliletwa huku kufundisha akiwa msichana, akaolewa, akabaki. Yeye sikumdanganya, nilikuwa nimechoka. Nilimwambia afisa wa uhamiaji anataka habari za babu yangu, nami natafuta jina la Bihango. Akafungua kabati, akanitolea madaftari matatu, akaniwekea mbele yangu kitambaa safi cha kuyalaza.

Mawili yalikuwa ya magunia ya kahawa. La tatu lilikuwa la nyumba za wafanyakazi, kabla ya uhuru. Vichwa vya safu kwa Kiingereza, majibu kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa karani aliyependa kupinda mikia ya herufi zake. Jina, kwao, mke, kwao mke, watoto. Nilipitisha kidole mstari hadi mstari. Ukurasa wa tisa nilimkuta.

Bihango. Kwao: Urundi.

Nilisoma tena, nikidhani macho yananicheza. Urundi. Burundi ya leo. Barua ile haikusema uongo.

Nikaendelea. Mke: Anastazia. Kwao: Muyama. Mtoto: Stefano, amezaliwa hapa kambini.

Stefano ni baba yangu.

Sasa niandike lile nililolifanya, maana nikiliacha, yote niliyoandika hapo juu hayana maana. Mama Yustina alikuwa ametoka kuagiza chai. Ukurasa ulikuwa umelegea, unashikiliwa na uzi mmoja. Nikawaza kwamba afisa ana barua tu, isiyo na jina, na kwamba ushahidi wote wa lile neno moja ulikuwa chini ya kiganja changu. Sikuwaza kuhusu bibi wala Muyama. Niliona neno moja tu. Nikashika kona ya juu nikavuta. Karatasi ililia kidogo, ikachanika urefu wa kidole.

Nilipoinua macho, Mama Yustina alikuwa mlangoni na birika mkononi.

Aliweka birika chini. Hakupandisha sauti. Akaja akasimama nyuma yangu, akasoma mstari ule polepole, midomo ikicheza.

"Mwalimu," alisema, "karatasi hiyo imenusurika na panya, imenusurika na mvua, imenusurika na karanga. Usiimalize wewe."

Nikakiondoa kiganja changu kwenye karatasi.

"Hesabu majina ya ukurasa huo. Ni kumi na manne. Mwaka huu wamekuja watu wawili hapa wenye shida kama yako. Wakija wajukuu wa hao wengine nitawaonyesha nini?"

Nililia. Nililia kama watoto wangu wa darasani wanavyolia siku ya kwanza, bila kujificha. Aliniacha. Nilipomaliza alinipa gundi na kipande cha karatasi nyembamba, akanielekeza namna ya kuunga kutoka nyuma ili maandishi yasifichike. Niliunga mwenyewe. Kovu linaonekana, na litaonekana daima.

Kisha tukanywa chai. Akaniambia yeye mwenyewe alikaa miaka kumi akiitwa wa kuja, sasa akienda Singida wanamwita wa kutoka Kigoma. Akaniuliza kama namjua mtu yeyote wa upande wa bibi. Nikasema hapana. Akasema Anastazia wa Muyama hawezi kukosa watu, na kwamba kanisa la kule lina orodha za ndoa. Kesho baada ya ibada atanisindikiza kuulizia.

Tulipeleka daftari steshenari yeye akiwa amelikumbatia. Kijana wa pale alitoa nakala ya ukurasa mzima, na Mama Yustina akaandika barua fupi kueleza ulikotoka, akagonga muhuri wa chumba cha kusomea. Nilitaka kumwomba nakala ikunjwe ili safu ya pili isionekane. Badala yake niliichukua kama ilivyo.

Kabla sijapanda bodaboda kurudi Kasulu nilimpigia mama. Nilimsomea mstari wote, na neno lile nililisoma pia.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Baba yako alinifunga mdomo tulipooana. Alisema watoto wasijue, wasije wakaishi kwa hofu."

Sikumlaumu. Nilikuwa namwona baba akikanyaga baiskeli.

Kwa hiyo nina nakala sasa. Imo ndani ya kitabu, kitabu kimo ndani ya mkoba, mkoba umo chini ya mto. Jumatatu nitampa afisa ukurasa mzima. Huenda Anastazia na Stefano watatosha. Huenda hawatatosha. Nimejaribu kuwaza siku itakayofuata wakisema hawatoshi, na akili yangu inafika mahali inagoma. Darasa langu lina watoto thelathini na wawili. Sijawahi kuota kwa lugha nyingine wala kumjua mtu hata mmoja upande ule. Nchi ya babu naiona tu kama vilima vya bluu siku za kiangazi.

Na bado naogopa kubonyeza kitufe cha kuchapisha. Aliyeandika barua ile huenda ni mmoja wenu. Kama ni wewe, basi sasa unajua zaidi ya ulivyojua, na umeyajua kutoka kwangu.

Nimalizie na hili, kisha nizime taa. Nilipofika gesti hii, dada wa mapokezi alinisukumia daftari la wageni nijaze. Jina. Kabila. Unakotoka. Unakokwenda. Nilijaza haraka kama kawaida, mpaka kalamu ikafika kwenye safu ya uraia, ikasimama. Nimejaza safu hiyo mara ngapi maishani bila kuiona? Nyuma yangu mteja mwingine alikohoa. Niliandika *Mtanzania*, herufi kwa herufi, taratibu, kama ninavyowaandikia watoto ubaoni.

Dada hakulitazama daftari. Alinipa ufunguo na sabuni.