Wageni Tuliowatoa Kwenye Kompyuta Uliyotutumia

Karakana ya Tarizi,
Nyuma ya duka la rangi, mlango wa kijani.
Jumapili, mchana.

Mpendwa mdogo wangu Kishindo,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Mkeo hajambo? Wanao wanaendeleaje, na yule wa mwisho meno yameshatoka au bado anawatafuna vidole tu? Huku sisi ni wazima. Goti la Mama linasumbua kukiwa na baridi, lakini ulimi wake haujapata kuumwa hata siku moja. Shemeji yako mzima, ananenepa bila aibu. Mimi mgongo unalalamika kwa kuinamia mashine, ila leo nausamehe, maana nina furaha ambayo nisipoimwaga kwenye karatasi nitapasuka.

Kwanza nikuchokoze kidogo. Wewe tulikuita Kishindo kwa sababu ulikuwa huwezi kuingia nyumbani bila milango yote kujua. Siku hizi umekuwa kimya mno. Najua kazi zimekubana, na hilo nitalirudia baadaye.

Tumeshinda, mdogo wangu! Mashali yote ya mahafali ya chuo cha wauguzi yamekamilika, yamekaguliwa na yamepokelewa. Kila muuguzi ana jina lake begani kwa uzi wa rangi ya dhahabu, hakuna herufi iliyopinda wala uzi unaoning'inia. Mkuu wa chuo ni mama mrefu asiyecheka ovyo. Alipitisha kidole juu ya majina, akageuza shali kuangalia nyuma, ambako ndiko fundi mvivu hukamatwa, akasema kazi ya mwakani pia ni yetu. Nilitoka ofisini kwake natembea kama barabara ni yangu. Shemeji yako alinisubiri getini, akaniuliza mbona sisemi, kumbe nilikuwa nacheka na meno yote nje.

Lakini hujui tulikopita, na mshtakiwa ni ile kompyuta yako.

Usinielewe vibaya, kompyuta ni nzuri, na bila hiyo karakana hii isingekuwepo. Jina naliandika kwenye kompyuta, linapita kwenye waya, mashine inalitarizi. Shida ni ule umati uliokuja nayo. Tangu siku ya kwanza, nikiiwasha tu wanajitokeza. Mmoja anauza viatu. Mmoja anatangaza hali ya hewa ya miji ambako sina ndugu. Mmoja ana michezo ya karata. Mbaya kuliko wote ni yule aliyejiita Mlinzi, ambaye kutwa alikuwa akinipigia kelele kwamba muda wa majaribio umekwisha, nilipie, la sivyo nitakiona cha moto.

Nikakiona kweli. Nilikuwa katikati ya jina refu la muuguzi mmoja, Mlinzi akaamua ndio wakati wa kukagua kompyuta nzima. Kompyuta ikaganda. Mashine ikasimama katikati ya herufi, na nilipoianzisha tena ikashona nje ya mstari. Shali likaharibika, na kitambaa kilikuwa cha chuo. Nilipompelekea mkuu alilitazama akasema likiharibika jingine atachukua kitambaa chake ampelekee fundi mwingine. Sauti yake haikupanda hata kidogo, ndiyo maana niliogopa.

Unajua niliacha kazi kiwandani kwa ajili ya karakana hii. Kazi ya chuo ikiondoka, kodi ya chumba inanishinda, na mimi narudi kule kuomba kiti changu kwa yule msimamizi aliyeniaga kwa kusema tutaonana.

Utauliza, si ungewaondoa tu hao wageni? Ungekuwa unaishi na Mama usingeuliza. Kifurushi chako kilipofika, alikata gundi kwa wembe taratibu kama daktari wa upasuaji. Karatasi akaikunja. Boksi liko juu ya kabati mpaka leo, na ile plastiki ya mapovu ameilaza chini ya godoro. Kitu kilichotoka mkononi mwako hakitupwi nyumba hii. Sasa na vilivyomo ndani ya kompyuta, kwa sheria hiyo hiyo, navyo vimetoka mkononi mwako.

"Mwanangu amekaa akachagua kimoja kimoja," aliniambia, "halafu wewe uvitupe?"

Nikimweleza kwamba vitu hivyo vinawekwa na wenye kiwanda, wewe hata hujavigusa, ananiambia nina wivu nawe tangu ulipozaliwa. Yeye ndiye mkata nyuzi wetu, kiti chake kiko pembeni ya kompyuta, kwa hiyo nikisogeza mkono kwenye kitufe cha kuondoa nasikia kikohozi.

Na kulikuwa na mmoja ambaye nilishindwa hata kumtaja. Ana uso wa duara, wa njano, unaotabasamu. Kila asubuhi kompyuta ikiwaka alikuwa anaandika: "Habari za asubuhi! Nakutakia siku njema. Nipo hapa ukinihitaji." Mama aliamua kwamba huyo ni wewe. Alikuwa anavaa miwani, anasoma yote, kisha anajibu kwa sauti: "Njema, mwanangu. Na wewe ule vizuri." Mara moja alinung'unika kwamba siku hizi huamkii kwa shikamoo, lakini hapo hapo akakutetea kuwa ugenini watu husahau. Ningesemaje mimi?

Basi wiki mbili zilizopita nilipeleka mashali ya mwanzo chuoni, Mama akataka kuja nami aone kazi yake inapokelewaje. Tumekaa ofisini kwa karani, binti mmoja mchangamfu, akawasha kompyuta yake. Ule uso wa njano huo! Habari za asubuhi, nakutakia siku njema, nipo hapa ukinihitaji. Neno kwa neno.

Mama akasogea mpaka miwani ikakaribia kugusa kioo.

"Huyu umemjulia wapi?"

"Nani, huyu? Wala simjui, mama yangu," karani akasema huku akicheka. "Amekuja na kompyuta. Anamsalimia kila mtu, hata mfagizi akifungua. Najaribu kumfukuza simwezi."

"Aa," Mama akasema.

Njia nzima hakufungua mdomo, na unajua hilo halijapata kutokea. Nilitembea nyuma yake na begi la mashali likiwa tupu. Tulipofika karakana akakaa kwenye kiti chake, akafuta miwani kwa upindo wa gauni kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kwa hiyo asubuhi zote hizo," akaanza, halafu hakumalizia.

Iliniuma, Kishindo. Nakuambia kweli, iliniuma kuliko lile shali lililoharibika. Nilikuwa tayari kuacha kila kitu ndani ya ile kompyuta kilivyo, nikashone majina kwa mkono mpaka vidole vivuje damu. Ndipo akavaa miwani akanitazama.

"Sogeza kiti. Nisomee mmoja mmoja."

Nikafungua mipangilio, nikaingia kwenye orodha ya programu. Ungekuwepo! Mama alikaa kama hakimu, mimi nikawa karani wa mahakama.

"Huyu nani?"

"Muuza viatu."

"Nani alimwita?"

"Hakuna."

"Aende."

Nikabonyeza, akaenda. Akaja wa hali ya hewa. Mama akauliza anatangaza mvua ya wapi, nikamwambia ya mbali. "Dirisha ninalo," akasema, naye akaenda. Tulipofika kwa wa karata, shemeji yako alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anatafuta mkasi. Akasema kwa sauti ya upole kwamba huyo, kwa kweli, hana madhara.

Mama akamgeukia polepole. "Kumbe ndiye anayekuchelewesha kupiga pasi?"

Shemeji alifyata mkia na kuondoka na mkasi asiouhitaji. Karata zikafunga virago.

Mlinzi hakutoka kirahisi. Kwanza akauliza kama nina uhakika. Kisha akatishia kwamba nitakuwa hatarini. Kisha akaanza kubembeleza, tumekukosea nini, pokea punguzo la bei, na kitufe kikubwa cha kijani kimeandikwa "Baki nasi". Mkono wangu ulishaanza kukielekea, nisikudanganye.

"Kitufe kikubwa ni cha faida yao," Mama akasema. "Tafuta kidogo."

Kweli, pembeni kulikuwa na maandishi ya kijivu, madogo kama chawa: endelea kuondoa. Nikabonyeza. Mwenyewe nilikuwa nahofia kuiacha kompyuta bila ulinzi, lakini fundi simu wa mtaa wa pili alishanieleza kuwa ina ulinzi wake wa ndani, unaolala wakati huyu wa nje yupo na kuamka akiondoka. Tulipoizima na kuiwasha tena nilikwenda kuhakikisha, nikaukuta macho. Mama akapiga makofi mara moja, kama anayefukuza kuku.

Ushindi ukatulevya. Tukakutana na mmoja hana picha, jina lake ni herufi na tarakimu tupu. "Hana sura wala kazi," Mama akatoa hukumu, "aende." Na mimi mkubwa mzima nikabonyeza bila kuuliza. Kishale kikakauka palepale! Kumbe huyo ndiye aliyekuwa anahudumia kile kibao cha kupapasa kwa kidole. Nikapapasa, nikapapasa, wapi. Mama akaiambia kompyuta kwa heshima, "Huyo tumekosea, arudi." Nikaizima kwa kitufe chake na kuiwasha, ikajitafutia yenyewe mwingine wa kazi hiyo, kishale kikatembea. Tangu hapo nisichokijua namuuliza yule fundi simu kwanza.

Akabaki ule uso wa njano. Nilikuwa nimemruka makusudi.

"Umemruka mmoja," Mama akasema.

"Huyu tunaweza kumwacha, Mama. Hali nguvu nyingi."

"Nionyeshe pa kuweka kidole."

Nikamwonyesha. Akakiweka mwenyewe. Kompyuta ikauliza kama ana uhakika, naye akaijibu kwa sauti, "Ninao," akabonyeza tena. Uso ukatoweka. "Hajawahi hata kuniamkia vizuri," akasema, akachukua mkasi wake na kurudi kwenye nyuzi.

Ee ndugu yangu, ile kompyuta ilipumua! Zamani nilikuwa naiwasha naenda kuchota maji, narudi bado inajikuna. Sasa sijamaliza kufunga aproni iko tayari. Mashine ilitarizi jina baada ya jina bila kukwama, hakuna wa kupiga kelele, hakuna wa kukagua. Mimi nabadilisha fremu ya kukazia kitambaa, Mama anakata nyuzi, shemeji yako anapiga pasi kwa bidii ya mtu aliyenyang'anywa karata. Jina la mwisho lilipokamilika nililiinua juu tukalitazama wote watatu. Mama akasema liko sawa, na kwa Mama hiyo ni sifa kubwa mno. Karani wa chuo aliposikia habari hizi akaniomba nikamtolee wake, nami nikaenda, nimevimba kichwa kama mtaalamu.

Sasa lile nililosema nitalirudia.

Mama bado anafika karakana kabla yangu. Anakaa kwenye kiti chake anaingoja kompyuta iwake. Inawaka, inafungua kazi moja kwa moja, haina la kumwambia. Anaitazama kidogo, kisha anashika mkasi. Hajalalamika, na amenikataza katakata nisikuandikie jambo hili. Nimemkaidi, kwa sababu wewe ni mdogo wangu na nikinyamaza utaendelea kudhani mambo yako sawa. Najua hukumtuma yule wa njano. Lakini Mama alikuwa anakujibu wewe. Mpigie simu asubuhi, kabla hajaanza kazi, hata kama huna habari yoyote.

Msalimie sana mkeo, mwambie kitambaa cha meza alichoniagiza nitakitarizi sasa maana nina nafasi. Wabusu wanao. Ukimwona binamu yetu Mapengo mwambie shangazi yake anamuulizia. Shemeji yako anakusalimu na anaomba, tukiwa hatusikii, umtumie karata za karatasi. Mungu awalinde ugenini huko, awape afya na usingizi mzuri, na mikono yenu isikose kazi.

Mama ameniona naandika. Ameuliza kwa nani, sikumficha, na hakukasirika kama nilivyodhani. Amevaa miwani, ameniambia niandike hivi: "Mwambie vitu vyote vilivyokuja na kompyuta nimevitoa, asiudhike. Nilikuwa navitunza kwa sababu nilidhani yumo yeye."

Dada yako akupendaye, ukisema na ukinyamaza,

Mama Tarizi