Baba, Kipande cha Chini Kimekufa

Baba,

Sijui kama huko uliko mtu husomewa barua, lakini nisipokuambia wewe nitamwambia nani? Mutua amechoka kunisikiliza. Kanisani wananiambia nimwachie Mungu. Nimemwachia, Baba, na maji bado yananuka.

Nianze na napia yako, ile nyasi ya ng'ombe uliyokuwa ukiinywesha maji taka ya estate. Kile kipande cha chini, kinachopakana na shamba la mama yako, kimekufa. Napia imeoza kutoka kwa mizizi, nyeusi tii, na juu ya udongo kuna utando kama wa uji uliolala. Ukikanyaga unazama hadi kwa kifundo cha mguu. Na wewe ulikuwa unatembea pale na viatu vya kanisa!

Unajua ni nini kilikiua? Ni heshima. Ni matanga yako. Siku ile ulipoanguka kazini, ulikuwa umefungua maji upande huo. Mutua, mwenzako wa miaka yote, akasimamisha jembe lako kwa lango, akasema hakuna mtu ataligusa wala kufanya kazi ya shamba mpaka Kariuki azikwe. Tukakubali wote. Tukawa nyumbani tunaimba, tunapika, tunangoja ndugu yako afike kutoka Mombasa, na maji ya nyumba zote za estate yanaingia kipande kimoja usiku na mchana, hakuna wa kuyageuza. Aki hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria.

Na ulikuwa umetuonyesha. Nikiwa shule ya msingi ulichukua kichungi cha chai pale jikoni. Majani yakijaa na usikung'ute, chai inabaki juu. "Udongo ni hivyo hivyo," ukasema. "Unakunywa, halafu unauacha ukauke, upumue." Leo kipande hiki, kesho kile, na cha jana kinapumzika mpaka kipasuke nyufa. Mimi nilikuwa nashangaa tu. Maji ya choo yanaingia huku juu na povu lake, halafu kule chini kwa kijito yanatoka maangavu. Ulikuwa unachota kwa chupa ya soda, unaiinua kwa jua, unacheka peke yako. Lakini kuyanywa ulikataa kabisa. "Hii ni ya kuosha nduma, si ya tumbo."

Tulipotoka kukuzika, Mutua alikimbia akafungua vipande vya juu. Havikuweza. Estate imeongeza maghorofa, maji ni mengi, na hakuna kipande kinapata nafasi ya kukauka. Nikaenda kwa ofisi yao hapa Ruiru, nikakaa kwa benchi mpaka nikaitwa. Kijana mmoja mpole akaniambia wanaelewa, wanapanga kuleta mtambo wa kisasa, na kwa sasa wataweka paipu. Nikafurahi, mjinga mimi. Paipu yenyewe inatoka kwenye mabwawa ya maji taka ya estate moja kwa moja mpaka kwa kijito. Haipiti kwa nyasi hata kidogo. Nimerudi huko tena na tena. Yule kijana bado ni mpole.

Sasa Cucu. Hii ndiyo sababu nakuandikia. Mama yako bado anashuka kijitoni kila asubuhi kuosha nduma zake matope na kunawa uso. Tumemwambia. Mutua amemwambia, pasta amemwambia. Anaendelea kuosha.

"Hiyo maji imepita kwa kijana yangu," anasema. "Kijana yangu hawezi kuniletea uchafu."

Baba, aliharisha mpaka tukambeba tukampeleka hospitali Thika, akawekewa dripu. Na siku tuliyomrudisha nyumbani, kabla hata hajakaa chini, alichukua karai akashuka. Ningefanya nini? Nimfungie ndani kama mbuzi? Nimwambie kazi ya mtoto wake imekwisha? Ni hiyo tu amebaki nayo. Nilijaribu kumwambia, kweli nilijaribu, nikaona vile ananiangalia, nikaacha.

Jumamosi iliyopita nilikuja kutoka Makongeni, kule Thika, mapema. Nikajaza mtungi kwa bomba la jirani, nikazunguka nao upande wa napia ili anione nikitokea huko. Nikamwambia nimeyakinga mwenyewe, kipande cha juu, kabla hayajafika kijitoni. Uwongo mtupu. Akachovya vidole, akanusa, akanawa uso polepole.

"Eeh," akasema. "Sasa hii ndiyo yake."

Akaosha nduma zote akiimba. Mimi nilienda nyuma ya zizi la ng'ombe nikalia mpaka nikaishiwa nguvu. Ngai, Baba, sijawahi kumwona akiwa na furaha hivyo tangu tukuzike.

Basi nakuahidi hivi. Kila Jumamosi nitamletea mtungi, na kila Jumamosi nitamwambia umetoka kwako. Zaidi ya hapo sina. Napia siwezi kuifufua, paipu siwezi kuing'oa, na kazi yangu iko Thika. Nilijaribu kumwachia Mutua mtungi wa pili, Cucu akakataa, akasema Mutua si damu yako, atajuaje ni maji gani. Kwa hivyo atatumia yangu mpaka yaishe Jumatatu. Jumanne atachukua karai lake ashuke kijitoni.

Lala, Baba. Na kama kuna mtu wa kuombwa huko, muombee mama yako kuanzia Jumanne.

Msichana wako,
Wambui